Kuni za Shule ni Zao la Shamba

Maongezi ya afisa wa kilimo wa nyanjani

Leo sitasema juu ya mahindi wala ng'ombe wa maziwa. Nataka tuzungumze juu ya zao moja ambalo karibu kila mkulima wa Kenya analo shambani, lakini ni wachache wanaolihesabu kuwa ni zao. Zao hilo ni kuni. Na hasa nataka tuzungumze juu ya kuni zinazochomwa katika majiko ya shule zetu.

Hebu fikirini kidogo. Shule ya bweni inapika uji asubuhi, githeri mchana, na ugali jioni. Maji ya kuoga huenda nayo yanachemshwa, hasa kule kwenye baridi, Nyandarua au Kericho. Hospitali ndogo za mashambani na vyuo vya ufundi hali ni hiyo hiyo. Shule nyingi bado zinategemea kuni kwa kazi hii. Lori linakuja, kuni zinamwagwa nyuma ya jiko, na baada ya wiki chache lori lingine linatakiwa. Nani analipa? Ni wewe mzazi. Kama shule haikuitishi pesa, inamwambia mtoto aje na kuni kutoka nyumbani. Kwa hiyo kuni zikipotea bure jikoni mwa shule, ni karo yako inayopanda moshi.

Na kuni hizo zinatoka wapi? Zamani wengi waliangalia msitu wa serikali. Sasa msitu huo hauwezi kutulisha sote. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ikaongezwa muda mara kwa mara mpaka ilipolegezwa mwaka 2023. Miaka hiyo yote watu walizidi kutafuta miti mashambani mwa wakulima. Tena jambo hili si geni. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alianzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977 baada ya kuwasikiliza akina mama wa mashambani. Malalamiko yao yalikuwa ya kawaida kabisa: vijito vinakauka, na kuni zimekuwa mbali.

Basi leo nitawaeleza mambo manne: kukausha, kupima, jiko lenyewe, na kupanda. Nimeyapanga hivyo kwa makusudi. Watu wengi hukimbilia kupanda kwanza. Kupanda ni kuzuri, lakini mti unataka miaka. Kukausha hakutaki miaka, wala hakutaki pesa nyingi. Mnaweza kuanza muhula huu.

Jambo la kwanza: kukausha.

Mti ukikatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Narudia: karibu nusu ni maji. Ukiutia motoni hivyo hivyo, moto unafanya kazi mbili. Kwanza unachemsha maji yaliyo ndani ya kuni, halafu ndipo unachemsha maji yaliyo ndani ya sufuria. Ndiyo maana kuni mbichi hulia motoni na kutoa povu mwishoni. Moshi unajaa jikoni, mpishi analia machozi, na maharagwe hayaivi. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni mbichi.

Tuchukue mfano. Shule imenunua tani 10 za kuni mbichi kwa mizani. Ndani ya tani hizo 10, karibu tani 5 ni maji. Kuni hizo zikikauka vizuri bandani, uzito wake utashuka mpaka tani 6 na robo hivi. Zile tani 3 na robo tatu zilizopotea zilikuwa maji tu. Wazazi wamelipa pesa za kuni, wakaletewa maji ndani ya lori.

Namna ya kukausha ni hii. Pasua magogo, usiyaache mazima, kwa sababu maganda huzuia maji kutoka. Kipande kinene kama mkono wa mtu mzima kinatosha. Laza fito mbili chini ili kuni zisiguse udongo. Panga kuni juu yake ukiacha nafasi ndogo za upepo kupita. Juu ezeka mabati au hata makuti au nyasi, lakini pande zote acha wazi. Msijenge stoo yenye kuta na mlango. Humo kuni zitaota ukungu badala ya kukauka, kwa sababu kinachokausha kuni ni upepo.

Baada ya miezi mitatu mpaka sita, kutegemea hali ya hewa ya kwenu, kuni zitakuwa tayari. Utajuaje? Tazama ncha zake: zitakuwa zimepasuka nyufa. Maganda yanabanduka kwa mkono. Chukua vipande viwili uvigonganishe: kuni kavu hulia kwa sauti kali, na mbichi hutoa sauti nzito ya bubu. Mpishi yeyote mzoefu anaijua sauti hiyo. Muulizeni.

Kwa hiyo bodi ya shule ijiwekee sharti moja: kuni zisinunuliwe wiki ile ile ya kuchomwa. Kuni za muhula wa pili ziingie bandani kabla ya Krismasi. Mabanda yawe mawili, moja linakausha na lingine linatumika. Mlango wa sheria ukiwa huo, hata dalali wa kuni mbichi atajifunza kuja mapema.

Jambo la pili: kupima.

Hapa ndipo wakulima na shule hudhulumiana bila kujua. Ukiuza kuni kwa kilo, faida yako iko kwenye maji. Kuni zikikauka unapata hasara, kwa hiyo unakimbia kuziuza siku ile ile ulipokata. Na ukiuza kwa lori, nani anajua lori limejaa kiasi gani? Lori la huyu si lori la yule.

Njia iliyo bora ni rundo la mita moja. Simika miti miwili ardhini, mmoja mbali na mwingine mita moja. Kata kuni kwa urefu wa mita moja. Zipange katikati ya miti hiyo mpaka zifike kimo cha mita moja. Hapo una rundo la mita moja kila upande. Rundo hili likikauka hupungua sana uzito, lakini ukubwa wake haupungui sana. Kwa hiyo mkulima aliyekausha hapati hasara, na shule inajua inalipia nini. Ila jihadharini na kuni zilizopinda-pinda, maana hizo huacha mapengo makubwa. Hata rundo lililopangwa vizuri, kati ya sehemu tatu za nafasi yake, kama sehemu mbili tu ndizo mti wenyewe, nyingine ni hewa.

Mkubaliane bei mbili: bei ya rundo bichi, na bei ya juu kidogo kwa rundo kavu. Mkulima akiona kwamba kukausha kunalipa, atakausha nyumbani kwake. Na yote yaandikwe: tarehe, idadi ya marundo, jina la aliyeleta, na pesa zilizolipwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kuni nazo ni mali.

Mkiweza, uzeni kwa kikundi. Mkulima mmoja mwenye miti 60 hawezi kuilisha shule. Wakulima 20 wanaweza, kila mmoja akipewa mwezi wake wa kupeleka. Kabla ya kukata na kusafirisha, pitieni ofisi ya misitu iliyo karibu nanyi muulize juu ya vibali, msije mkakamatwa njiani na mali yenu wenyewe.

Jambo la tatu: jiko.

Mafiga matatu yalitulea sote, siyadharau. Lakini moto wa mafiga uko wazi pande zote. Katika kila sehemu 100 za joto linalotoka kwenye kuni, ni kama sehemu 10 mpaka 15 tu zinazoingia kwenye sufuria. Nyingine zinapasha joto kuta, hewa, na uso wa mpishi.

Jiko la shule lililojengwa vizuri lina mambo matatu. Sufuria inazama ndani ya jiko, ili moto uizunguke pande zote. Mlango wa kuni ni mdogo, ili kuni ziingie chache chache. Na kuna bomba la moshi linalopita juu ya paa. Majiko ya namna hii yalianza kuenezwa katika shule za Kenya tangu miaka ya 1980, na jiko zuri linalotunzwa linaweza kupunguza kuni kwa nusu au zaidi. Nimesema linalotunzwa. Bomba lililojaa masizi halivuti moshi. Sufuria isiyoenea tundu lake inaacha moto utoroke pembeni. Na jiko ambalo mpishi hakufundishwa kulitumia litaachwa, na mafiga yatarudi uani.

Kuna mengine yasiyogharimu hata senti. Lowekeni maharagwe na mahindi makavu usiku kucha kabla ya kupika. Githeri iliyolowekwa huiva mapema zaidi kuliko ile iliyotoka guniani ikaingia sufuriani. Funikeni sufuria kwa kifuniko kizito. Chakula kikishaanza kuchemka, punguzeni kuni. Maji yanayotokota kwa nguvu hayana joto zaidi ya yale yanayotokota polepole. Kuni zinazoongezwa hapo zinatengeneza mvuke tu.

Wazazi, mkikutana shuleni, msiulize tu juu ya mitihani. Ombeni kuingia jikoni. Tazameni kama mpishi anapumua. Mama anayepika kwa moshi siku nzima, mwaka baada ya mwaka, anaumia macho na mapafu. Huyo ni jirani yenu.

Jambo la nne: kupanda.

Sasa tumefika shambani. Shule iliyokausha kuni zake na kujenga jiko zuri inahitaji miti michache zaidi. Ndiyo maana nimeanza na yale mengine. Lakini miti bado inatakiwa, na mkulima mdogo anaweza kuipanda bila kupunguza mahindi yake.

Anzia mpakani. Ekari moja iliyo mraba ina mzunguko wa kama mita 254. Ukipanda mti mmoja kila mita 3, unapata miti kama 85 bila kugusa katikati ya shamba. Kwa milimani, mgrevilea, ambao wengi huuita mukima, unafaa sana kazi hii. Unaupogoa matawi ya chini kila mwaka, nayo ndiyo kuni. Shina unaliacha liwe mbao ya baadaye. Lakini usiupogoe mpaka ubaki kama mjeledi: acha angalau nusu ya juu ya mti iwe na matawi yake. Kwa mwenye ng'ombe au mbuzi wa maziwa, kaliandra inampa majani ya kulisha mifugo na vijiti vya kuni katika ua mmoja.

Mkaratusi nao hauna mshindani kwa kuni, na ukiukata unachipua tena. Mahali pazuri penye mvua, hekta moja inaweza kutoa kama mita 20 za ujazo kwa mwaka, yaani kama mita 8 kwa ekari. Mahali pakavu utapata pungufu sana. Mwenye kipande cha ardhi akigawe sehemu sita, apande sehemu moja kila mwaka. Mwaka wa saba anavuna ile ya kwanza, na tangu hapo kila mwaka ana sehemu ya kukata. Kateni kwa msumeno, karibu na ardhi, kisiki kiinamie upande mmoja ili maji ya mvua yasitue juu. Panga hupasua maganda, na kisiki kilichopasuliwa maganda huchipua vibaya. Machipukizi yakifika kimo cha mtu, chagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine yaondoe.

Lakini sikilizeni vizuri. Mkaratusi unakunywa maji mengi. Usiupande kando ya mto, wala kwenye chemchemi, wala bondeni penye majimaji. Mwaka 2009 serikali iliagiza mikaratusi iliyokuwa karibu na maji ing'olewe. Kaa nayo mbali na mto angalau mita 30, na usiisogeze kwenye mahindi. Shule ambayo itapata kuni na kukausha kisima chake haijapata kitu.

Wa pwani, Kilifi na Kwale, nyinyi mna mvinje. Unastahimili mchanga, na mizizi yake inaurutubisha udongo. Nguzo zinauzwa kwa wajenzi, na matawi na vilele ndivyo kuni.

Na wa Baringo, Garissa na Tana River, nyinyi hamna haja ya kupanda. Mnao mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na kutoa kuni. Baringo ulipandwa miaka ya 1980, na leo umefunga malisho na njia za mifugo. Kuni zake ni nzito na zinawaka vizuri. Shule ya huko ikichoma mathenge, inapika chakula na kufungua malisho kwa pamoja. Ila kisiki mkikate chini ya ardhi, kama sentimita 10, la sivyo utachipua mwingi kuliko ulivyokuwa. Na maganda yake yenye mbegu msiyasafirishe pamoja na kuni, mkaja kuupanda mahali ambapo haukuwapo.

Sasa najua kuna mkulima anayeniuliza: "Bwana afisa, serikali inataka shule zihamie gesi. Mimi nipande miti ya kuni ya nini?" Swali hilo ni la haki. Gesi ni safi, na shule iliyo na uwezo wa kuilipia kila muhula isizuiwe. Lakini mti hauna jina la kuni mpaka uukate. Mgrevilea uliokusudiwa jiko la shule unaweza kuwa mbao. Mkaratusi unaweza kuwa nguzo. Viwanda vya majani chai vya wakulima wadogo huchoma kuni kupata mvuke wa kukaushia majani, navyo vinanunua. Tena Kanuni za Misitu ya Mashambani za mwaka 2009 zilitaka mkulima awe na miti katika angalau sehemu moja ya kumi ya shamba lake. Kwa hiyo aliyepanda hatapoteza. Atakayepoteza ni yule atakayengojea gesi huku mtoto wake akitumwa kubeba kuni kwenda shule.

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya majivu. Jiko la shule hutoa majivu mengi, na mara nyingi humwagwa chooni au shimoni. Majivu ya kuni yana chokaa na potasiamu. Yakinyunyizwa kidogo kidogo kwenye udongo wenye asidi, maharagwe na kabichi hushukuru. Msiyaweke kwenye majani chai, maana chai hupenda udongo wenye asidi, wala kwenye viazi, maana ugonjwa wa ukoko huongezeka. Na msiyachanganye na samadi mbichi wala na mbolea ya yurea, kwa sababu nitrojeni itaruka hewani na kupotea. Yahifadhini pakavu, yasinyeshewe.

Haya basi, wale wenye kalamu waandike. Moja, pasueni kuni na kuzikausha miezi mitatu mpaka sita, chini ya paa, pande zikiwa wazi. Mbili, nunueni na kuuza kwa rundo la mita moja, na bei ya kavu iwe bora kuliko ya mbichi. Tatu, jiko liwe na bomba la moshi, sufuria izame ndani yake, na githeri ilowekwe. Nne, pandeni mpakani miche inayofaa mahali penu, mvua ndefu zikishashika vizuri, na mikaratusi ikae mbali na maji.

Na kama hamwezi kuanza na yote manne, anzeni na banda la kuni. Nguzo sita, mabati machache, na siku moja ya kazi ya wazazi. Mkutano ujao wa wazazi mmoja wenu asimame aulize swali hili: "Kuni tunazochoma leo zilikatwa lini?" Jibu likiwa "wiki iliyopita," mmeshajua karo yenu inakopotelea.

Afisa wa kilimo na afisa wa misitu wa eneo lenu watawasaidia kuchagua miche na mahali pa kitalu. Msiogope kuwabishia hodi, kwani hiyo ndiyo kazi yao.